Kesi ya Kosmasi na Neno Ulilomwambia Baba Yako

Maguu, Alhamisi jioni

Mwanangu Stela,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako na najua hutarudi upesi, maana shangazi yako akimshika mtu mkono hamwachii mpaka amalize habari za ukoo mzima, waliopo na waliokufa. Nami nimepata nafasi. Nimekaa mlangoni ambako mwanga bado upo, karatasi nimeilaza juu ya ungo niliougeuza, na kuku wako yule mwenye kidomo ananisumbua miguuni kana kwamba anajua ninamwandikia nani.

Mambo ya sabuni na shuka sikuandikii. Usipa, wale dagaa wa ziwani, wamo kwenye mfuko wa kaki, bibi yako wa Liuli amewakausha vizuri, ila ukiwafungua ndani ya gari abiria watakushusha njiani. Hilo tu ndilo onyo langu. Mengine utajua mwenyewe. Kama hujui kufua shuka mpaka umri huo, basi kosa ni langu na tumeshachelewa.

Nataka kusema habari ya Jumapili.

Tangu Jumapili baba yako hajakwambia neno na wewe hujamwambia neno. Yeye anaondoka kwenda shamba kabla hujaamka, wewe akirudi unapita nyuma ya nyumba. Mnadhani sioni? Mmenifanya mimi posta! "Mama, hebu muulize baba lori linapita saa ngapi." "Mama Stela, mwambie binti yako lori linapita alfajiri." Na nyote mmekaa jiko moja, mnaota moto mmoja! Kesho alfajiri unaondoka, hatutakuona mpaka likizo, na mimi sitaki uondoke hivyo. Sitaki kabisa. Ukiona nazungukazunguka humu, jua naelekea huko huko.

Na usifikiri nimekaa hapa nalia. Nimefurahi, mwanangu, nimefurahi mpaka naona haya. Juzi kisimani nimejikuta naimba wimbo wa kanisani kwetu Liuli, ule wa Pasaka, na wakati huu si wa Pasaka. Mama yako mdogo, Mama Kosmasi, akaniuliza, "Umekunywa nini?" Nikamwambia, binti yangu anakwenda chuo kikuu, niache nilewe bila pombe.

Jumapili yenyewe ilianza vizuri, tusiisahau. Togwa ilitosha, kuku walitosha, hata padri alikula akarudia. Baba yako alivaa koti lake la harusi ambalo sasa linamgombeza tumboni. Akasimama, akakohoa kile kikohozi chake cha ukamanda wa mgambo, akasema, "Binti yangu anakwenda kusoma habari za wezi. Sisi tuliwakimbiza kwa miguu, yeye atawakimbiza kwa kalamu. Akirudi atuambie fimbo inayotosha ni ya urefu gani!" Watu wakacheka. Alikuwa anajivuna na wewe, Stela. Hajui kujivuna kwa namna nyingine, anajua utani tu.

Ukasimama ukamjibu. Na ulianza vizuri sana, mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa nyuma ya masufuria. Ulisema hakuna mtu anayezaliwa mwizi. Ulisema wizi unatoka kwenye umaskini, watu wakipata kazi na chakula magereza yatabaki makazi ya popo. Baba yako akakuuliza, "Mbona maskini wengi hawaibi?" Swali zuri tu! Hapo ndipo ungemjibu. Badala yake ukamwambia, mbele ya padri na wageni wote, "Baba, fimbo ni hoja ya mtu ambaye hakusoma."

Aliishia darasa la nne, Stela. Unajua aliishia hapo kwa sababu gani, wadogo zake walikuwa wanamfuata na babu yako alikuwa na uwezo wa kusomesha wawili tu. Aliketi. Watu wakaanza kuulizana habari za mvua.

Halafu baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo, ukaniambia, "Mama, usijali, kule chuoni nitakuwa na watu wanaofikiri kama mimi."

Baba yako aliumia na lile la kwanza. Mimi, nikwambie kweli, niliumia zaidi na hili la pili. Nililala nalo. Nikajiuliza, hivi tumemsomesha miaka yote hii ili aende akakae na watu wa kumwitikia? Wa kumwitikia si angewapata hapa hapa kwenye kwaya!

Sasa nikupe kesi ya Kosmasi. Ulikuwa Liuli kwa bibi yako, unasoma shule ya msingi, uliporudi ulikuta mambo yameisha. Uliona tu kwamba watu wameacha kumwita ndugu yako huyu "Mayai" ukaniuliza kwa nini, nikakujibu hovyo hovyo kwa sababu nilikuwa napepeta mahindi. Leo nakujibu.

Ulikuwa ule mwaka serikali ilipowafungulia wafanyabiashara binafsi kununua kahawa. Zamani kahawa yetu ilikuwa na njia moja tu. Ukikausha, unapeleka chama cha ushirika, karani anakujua, anamjua baba yako, anajua shamba lenu lina miche mingapi na mwaka jana mlileta nini. Ghafla tukaona mizani zinaning'inizwa barabarani! Vijana wenye miwani na magari madogo, wananunua gunia, wananunua debe, wananunua hata kibakuli. Hawaulizi ni ya nani. Tulifurahi sana, tusidanganyane. Maguu nzima ilivaa viatu mwaka ule.

Na mwaka huo huo kahawa ikaanza kupotea kwenye vichanja. Unaanika asubuhi, jioni ukikusanya unaona imepungua. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Baba yako, kamanda, akavimba. Na kijiji kizima hakikuhitaji kufikiri, midomo yote ilikwisha kusema: Mayai.

Kosmasi aliiba mayai ya jirani alipokuwa mdogo, hajaota hata meno yote ya mbele. Baba yako alimchapa kwa ajili hiyo, na kwa kuwa kuna Kosmasi wengine wengi huku kwenye ukoo, yeye akabaki Kosmasi Mayai, kisha Mayai tu. Amekua, amebatizwa, amepata kipaimara, padri mwenyewe nusura amwite Mayai altareni. Baba yake, mdogo wake baba yako, alikwisha kufa, yuko na mama yake tu, mama yako mdogo, ambaye wakati ule sikumfahamu sana kwa sababu alikuwa mtu wa kunyamaza.

Baba yako akaamua kwamba Kosmasi afungwe kamba apelekwe Mbinga kwa miguu, mgambo mbele na mgambo nyuma, watu wa vijiji vyote vya njiani wamwone. Lakini kwanza kesi ipite kwenye sengu, maana ni mtoto wa ukoo.

Wewe sengu umeikuta imechoka, siku hizi kila mtu anakula kwake na redio yake. Ile ya wakati ule ilikuwa bado ina nguvu. Wanaume wa ukoo wanakusanyika kwa babu yako jioni, kila nyumba inaleta chakula chake, vyote vinawekwa katikati, na kila mtu anakula cha kila nyumba. Huwezi kula cha mke wako ukaacha cha wengine, ni tusi. Wakishakula ndipo wanasema. Sisi wanawake tunakaa pembeni upande wa jiko, tunasikia yote na kujifanya hatusikii.

Babu yako, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa hekima nyingi. Alikuwa mtu wa kula. Siku ile alikula polepole, akaangalia vyombo vyote, halafu akasema, "Maharage ya Mama Kosmasi mbona upande mmoja hayajaguswa?"

Upande ule alikuwa amekaa baba yako. Akajibu, "Baba, mimi sili chakula cha nyumba ya mwizi."

Lo! Upande wa jiko hata mtoto mchanga aliacha kunyonya. Mama Kosmasi alikuwa karibu yangu, aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu chini.

Babu yako akafuta vidole. "Basi kesi hakuna. Kila mtu abebe chombo chake akalale."

"Baba, kahawa inaibiwa!"

"Nimesikia. Na mimi nimesema kesi hakuna. Unataka kumhukumu, kula kwanza kwao."

Nakwambia alikula, huku amekunja uso kama anakunywa kwinini. Tonge la kwanza. La pili. Mama Kosmasi anajua kupika maharage, wewe mwenyewe unajua, anayaunga na karanga. La tatu lilikwenda bila hasira. Nilimwona! Mpaka leo anakataa.

Ndipo wakasema. Baba yako alianza, akasema vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema mtu anaiba kwa sababu ameona anaweza kuiba na asipatwe na kitu. Ukimwachia mmoja, wengine kumi wanajifunza. Alisema sisi hatuna polisi, hatuna geti, tuna aibu tu, na aibu isipotumika tumekwisha. Watu waliitikia kwa nguvu, na mimi moyoni nikaona ana sehemu yake ya kweli, ingawa nilikuwa nimemkasirikia.

Sasa mama yako huyu. Mimi nimezaliwa ziwani, sisi tumezoea kupaza sauti, mtu yuko kwenye mtumbwi na wewe uko ufukweni unamuuliza kama kuna samaki. Nikasema kutoka jikoni, jambo ambalo mwanamke hafanyi, "Huyu kijana ameiba kwa sababu ya shida! Nyumba yao haina mume, haina mbolea, haina chumvi. Mpeni chumvi muone kama ataiba!" Nilijiona nimesema! Nilikuwa na hakika, mwanangu, hakika ile ile uliyokuwa nayo Jumapili, na shingo niliinyoosha vile vile.

Na aliyenijibu alikuwa Mama Kosmasi. Mtu wa kunyamaza. Alisimama akasema, "Mama Stela, asante. Lakini usinitetee kwa kunitukana. Sisi ni maskini, ndiyo. Nina watoto wengine, wamelala na njaa ile ile, hawajaiba hata sindano. Ukisema maskini ndiye mwizi, kesho kitu kikipotea mtakuja kwangu tena."

Nilikaa. Uso wote ulikuwa wa moto. Nilikuwa nimemtetea kwa moyo wangu wote na kumbe nimemtia kamba nyingine. Sikuwahi kumuuliza yeye anaonaje. Nilikuwa na jibu langu moja zuri nikaona linatosha. Neno lile la mama yako mdogo ndilo swali alilokuuliza baba yako Jumapili, tena kwa lugha kali zaidi. Halikutoka kwa mtu wa fimbo. Lilitoka kwa maskini mwenyewe.

Halafu akamgeukia baba yako. "Na wewe shemeji. Ulimchapa kwa mayai yale. Fimbo iliisha siku ile ile. Jina mbona haliishi? Mtoto anaamka anaitwa mwizi, analala anaitwa mwizi. Ulitaka awe nani?"



Siku ile palikuwa na mgeni, Mzee Shaibu, yule wa duka la vitambaa Mbinga ambaye asili yake ni Kilwa. Baiskeli yake ilipasuka tairi pale kwetu, akakaribishwa, na kwa kuwa alikula, alipewa nafasi ya kusema. Alisema kwa ile sauti yake ya upole, "Ndugu zangu, mie mfanyabiashara. Nawasikia mnamtazama anayeuza. Anayenunua je? Mtu anunua kahawa kibakuli kibakuli, jioni, barabarani, haulizi. Nyie mmeanika mali chini kabisa bondeni, mbali na macho. Hata malaika akipita pale atajaribiwa." Watu wakacheka. Baba yako akamkatalia hapo hapo, "Mzee, mizani imewekwa kwa wote, mbona si wote tunauza cha wizi?" Mzee Shaibu akasema, "Una hakika?"

Una hakika. Maneno mawili. Nikahisi miguu yangu inasimama yenyewe.

Kwa sababu, mwanangu, kahawa iliyopotea kwenye kichanja chetu Jumatano ya wiki ile niliiuza mimi.

Na sikuiuza nikiona naiba, sikiliza vizuri. Nilichuma mimi, nilimenya mimi, niliosha mimi kwa maji niliyobeba mimi. Zamani za ushirika hati ilitoka kwa jina la mume, fedha ikaingia mfuko wa mume, na mke anaomba ya chumvi kama mgeni. Mizani ya barabarani haikuuliza jina la mume. Nilichota debe langu nikauza, nikakununulia wewe sare. Nilipoona watu wanafungana kamba kwa ajili ya debe lile nikasema, "Baba Stela, lile la Jumatano ni mimi."

Halafu upande wa jiko mtu akakohoa. Shangazi yako, huyu huyu aliyekushika mkono sasa hivi. "Na la kwetu ni mimi." Mwingine akasema, "Mimi nusu tu." Weee! Wanaume walikuwa wanageuza vichwa kama kuku waliosikia mwewe! Babu yako alicheka mpaka akapaliwa, tukampiga mgongoni.

Baba yako hakucheka. "Umeniibia?"

"Nimejiibia. Nani alichuma?"

"Shamba la nani?"

"Kahawa ya nani?"

Na hapo, Stela, ndipo kesi ilipoanza kweli. Maana sasa hakuna aliyejua wizi ni nini. Mke akiuza alichochuma, ni mwizi? Kama si mwizi, ni nani aliyeamua? Kama ni mwizi, tufungwe kamba sote, ukoo mzima wa wanawake uende Mbinga kwa miguu, na nani atapika? Walibishana mpaka mate yakakauka. Baba yako alishikilia lake, Mzee Shaibu lake, Mama Kosmasi lake, mimi nikawa nalitafuta langu upya. Na kila mmoja alipomjibu mwenzake, hoja ya mwenzake ilimlazimisha aiboreshe ya kwake. Sijawahi kufurahi kwenye mkutano kama siku ile. Unajua mikutano ya kijiji tuliyokulia sisi? Mwenyekiti anauliza, "Tumekubaliana?" Tunaitikia, "Ndiyooo!" Kisha njiani kurudi nyumbani ndipo mkutano wenyewe unaanza, kwa kunong'ona. Miaka mingi niliitikia ndiyo ile. Nilidhani ndiyo amani.

Katikati ya kelele Kosmasi mwenyewe akasimama. Tulikuwa tumemsahau! Akasema, "Baba mkubwa, mimi nilichukua. Mara moja, kwenye kichanja chako. Nyingine sizijui." Babu yako akamuuliza kwa nini. Kosmasi akatutazama wote mmoja mmoja, akasema, "Sijui. Nimewasikiliza. Mnanieleza vizuri kuliko ninavyojijua."

Hakupelekwa Mbinga. Alilima kwa baba yako msimu mzima, anakata nyasi na kuchimba ngoro, mashimo yetu ya kuzuia maji, kwenye ule mteremko mbaya, na wakati wanalima walikuwa wanabishana, unawasikia toka ng'ambo. Vichanja tukavisogeza karibu na nyumba kama alivyosema Mzee Shaibu. Jina la Mayai babu yako alilipiga marufuku, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anajisahau zaidi. Sisi wanawake tukapata kila mmoja kichanja chake, na hilo lilichukua ugomvi wa mwaka mzima ambao siwezi kuuandika hapa, karatasi haitoshi. Wizi haukwisha, mwanangu. Ulipungua tu. Mnunuzi mwenye mizani hakubadilika hata kidogo, alitucheka.

Na hakuna aliyeshinda, mimi nakwambia. Baba yako anasema ameshinda yeye, kwa sababu kulima msimu mzima ni adhabu. Mimi nasema ile ilikuwa fidia. Tumebishana juu ya neno hilo miaka yote hii, na juzi tu tumelirudia kitandani akanivuta blanketi.

Ulinieleza mwenyewe jikoni, ukihesabu kwa vidole vyenye unga, kwamba wasomi wa mambo ya uhalifu wamegawanyika. Kuna wanaotazama adhabu, kuna wanaotazama umaskini, kuna wanaotazama mlango ulioachwa wazi, na kuna wanaosema mtu anakuwa mwizi kwa kuitwa mwizi, wengine wanauliza sheria yenyewe ni ya nani. Na ukasema umeshachagua kundi lako. Niliendelea kusonga ugali, lakini moyoni nilicheka. Hao wote nimeshakula nao sahani moja! Angekosekana mmoja wao usiku ule, Kosmasi angepita njia ya Mbinga amefungwa kamba. Hata baba yako angekosekana ingekuwa vibaya, maana bila hasira yake hakuna ambaye angeitisha kesi, tungeendelea kunong'ona Mayai, Mayai.

Kwa hiyo huko chuoni usinitafutie wanaofikiri kama wewe. Hao watakuja wenyewe, kama nzi wa maziwa. Mtafute yule anayekuudhi, kaa naye, msikilize mpaka uweze kuisema hoja yake vizuri kuliko yeye, kisha mkatalie kama bado unataka kumkatalia. Kuna mtu maisha yake yatategemea siku moja ninyi wasomi mmesema nini juu yake. Asitegemee mtu mmoja mwenye jibu moja zuri. Mama yako alikuwa na jibu moja zuri.

Ngoja, kuna mtu kwenye njia. Nilidhani ni wewe.

Ni baba yako. Ameingia na nyasi mpaka kwenye nywele, akaniuliza naandika nini, nikamwambia namwandikia binti yako. Ameweka panga chini. Amezunguka, amekunywa maji, amerudi. Anasema, "Mwandikie hivi." Haya, naandika anavyosema, sibadilishi.

Anasema: hoja yako ya umaskini ameifikiria shambani tangu Jumatatu, na Kosmasi ni shahidi, maana amekuwa akiisema kwa sauti mpaka Kosmasi akamuuliza kama anaumwa. Anasema ina kweli ndani yake. Lakini haielezi watu wenye magari wanaoiba. Umeifikiria hiyo? Anasema pia, kama mtu anaiba kwa sababu ya shida tu, basi asiyeiba na ana shida unampa sifa gani? Au naye hana sifa?

Nimemwambia hayo ni mawili mazuri. Amesema nisimkatize, kuna la tatu, ila hilo hataki kuliandika, atalisema mwenyewe.

Amekaa kwenye kigoda, anatoa nyasi kichwani moja moja. Anasema, "Andika kwamba lile la kusoma liliniuma." Nimeandika. Anasema, "Andika kwamba liliniuma kwa sababu hoja yake ilikuwa nzuri, wala haikulihitaji." Nimeandika, Stela, na sasa ni mimi ninayelia, lakini usijali, nalia huku nacheka.

Nimemuuliza, basi kesho itakuwaje, nitaendelea kuwa posta? Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Posta ya nini? Sanduku lake nitabeba mwenyewe mpaka barabarani. Lazima nibebe. Sijamaliza kumjibu."

Amka mapema, mama. Baba yako amekupangia hoja tatu, na lori halingoji.

Mama yako